Kurusha droni ukiwa mgeni: Uingereza au Ujerumani, wapi kuna afadhali?

Kila likizo ya kiangazi ikikaribia swali ni lile lile. Mtu anatoka Dar au Nairobi anakuja kumwona dada yake Leicester, halafu anaunganisha mpaka Hamburg kwa shemeji, kwenye begi kaweka kadroni kake kadogo anataka kupiga video za safari, anauliza jamani nikirusha huko nitakamatwa? Na walioko huku huku nao wanauliza, unaishi Reading unaenda wikiendi Berlin, je namba yangu ya usajili wa droni ya Uingereza inafanya kazi kule?

Jibu la hilo la mwisho ni hapana, na nalianza nalo kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Sheria za nchi hizi mbili zina asili moja, zote zimetokana na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika 31 Desemba 2020, siku ile ile Uingereza ilipokuwa inamalizia kutoka. Kwa hiyo ukisoma juu juu unaona ni kitu kimoja: usizidi mita 120 kutoka ardhini, droni uione kwa macho yako muda wote na siyo kwa kioo cha simu, usipite juu ya umati. Ila kuanzia hapo kila mmoja kaenda njia yake, na usajili wa huku hautambuliki kule, wala wa kule hautambuliki huku. Ukienda nchi zote mbili unajisajili mara mbili, hakuna ujanja.

Niweke wazi pia kwamba nazungumzia mambo yalivyo tangu Januari 2026, maana Uingereza walibadilisha vitu vingi tarehe 1 ya mwezi huo na maelezo mengi yanayozunguka bado ni ya zamani.

UZITO KWANZA, MENGINE BAADAYE

Kabla hujauliza nchi gani, pima droni yako. Ikiwa chini ya gramu 250, yaani zile Mini za kampuni ya DJI ambazo zimetengenezwa makusudi kwa gramu 249, maisha yako yatakuwa mepesi nchi zote mbili, unaruhusiwa hata kupita karibu na watu na kwenye maeneo ya makazi kwa masharti. Ikizidi hapo unaingia dunia nyingine. Na angalia betri, kuna zile betri kubwa za Mini 3 Pro na Mini 4 Pro zinazokaa angani muda mrefu, ukiiweka ile droni inafika kama gramu 290 na hapo hapo umeshahama kundi, afisa akikuuliza hutasema "mi nina Mini" ukaachiwa, anaangalia uzito inaporuka na siyo jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kwa zile kubwa zaidi kuna suala la alama ya daraja, kale kastika kenye herufi C na namba. Mfano DJI Air 3 ina gramu 720 lakini ina alama ya C1, kwa hiyo inaruhusiwa kuruka hata sehemu zenye watu mradi usiwapitie juu kwa makusudi. Halafu chukua Mavic Air 2 ya zamani, gramu 570, nyepesi kuliko Air 3, lakini haina alama, kwa hiyo Ujerumani inasukumwa kundi la mwisho kabisa, mita 150 mbali na makazi, maduka, viwanda na sehemu za starehe. Uingereza nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa wao wana cheti cha ziada ambacho mgeni wa wiki mbili hawezi kuhangaika nacho. Alama za Ulaya Uingereza wanazikubali mpaka mwisho wa 2027 kwa hiyo C1 yako haina shida huku.

Ushauri wangu ni mmoja, kama bado hujanunua na lengo ni safari, nunua ya chini ya 250. Usishawishike na kamera kubwa, utaishia kuibeba tu kwenye begi.

USAJILI

Hapa ndipo tofauti inaanza kuonekana.

Uingereza wana vitu viwili. Kuna Flyer ID, hiyo ni ya anayerusha, na Operator ID, ya mwenye droni. Kwa Flyer ID zamani mpaka ulikuwa gramu 250, sasa hivi umeshuka mpaka gramu 100, na hii imewakamata watu wengi waliokuwa hawana habari, kwa mfano wenye DJI Neo ambayo ina gramu 135, kabla ya 2026 ulikuwa huhitaji Flyer ID kwa hiyo, sasa unahitaji. Flyer ID ni bure, unafanya mtihani mtandaoni wa maswali 40, unatakiwa upate 30, ukifeli unarudia, na majibu mengi yapo kwenye maelezo yao wenyewe unayoyasoma kabla. Inadumu miaka 5. Operator ID unalipia kwa mwaka, ni paundi kumi na kitu, lazima uwe na miaka 18. Mgeni anaruhusiwa kujisajili akiwa hata kwao, huna haja ya kuwa na anwani ya Uingereza, unalipa kwa kadi. Kwa mtu aliyekaa na kikombe chake cha chai hii kazi ni ya jioni moja.

Ukishapata, ile namba ya Operator ID unaiandika kwenye droni. Wana masharti mpaka ya herufi: ziwe kubwa, zizidi urefu wa milimita 3, zisomeke vizuri, na unaruhusiwa kuibandika ndani ya sehemu ya betri mradi inafunguka bila bisibisi. Watu wanabandika ile Flyer ID kwa haraka, hapana, ni ya Operator.

Ujerumani wanaoshughulika ni Luftfahrt-Bundesamt, mamlaka yao ya anga. Kama droni yako ina kamera unajisajili, hata iwe na gramu 135 au 249, isipokuwa tu kama inauzwa kisheria kama mwanasesere wa watoto. Ada kwa mtu binafsi ni euro 20. Lakini hapa kuna nafuu ambayo Uingereza hawana: kwa droni ya chini ya 250 hakuna mtihani, unatakiwa tu uwe umesoma kitabu chake cha maelekezo. Ikizidi 250 ndio kuna mafunzo na mtihani wa mtandaoni wa maswali 40, unapita kwa asilimia 75, na wao wanatoza euro 25.

Utaratibu wa mtu anayetoka nje ya Ulaya ni kwamba unajisajili kwenye nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya utakayorusha. Siyo kila nchi. Ya kwanza tu. Na hiyo namba inatembea nchi zote 27 pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein na Uswisi. Hili ni jambo kubwa kwa mtu anayezunguka, leo uko Hamburg, kesho Amsterdam, keshokutwa Paris, karatasi ni ile ile moja. Kumbuka tu kwamba namba inatembea lakini ramani za maeneo yaliyokatazwa na sheria za bima ni za kila nchi, Paris mjini kwa mfano sahau kabisa.

Namba ya Ujerumani nayo unaibandika, ila zingatia: wanakupa namba ndefu halafu mwishoni kuna herufi tatu za siri. Zile tatu hazibandikwi. Zinatumika ukiwa unaingiza namba kwenye mfumo wa droni wa kujitangaza angani, ule unaoitwa Remote ID, ili mtu asinakili namba yako akairusha kwa jina lako.

Kwa wenye watoto: Ujerumani anayerusha awe na miaka 16, chini ya hapo lazima asimamiwe na mtu anayekidhi masharti, au iwe ni kale kadroni ka kuchezea. Uingereza Flyer ID haina umri wa chini, mtoto anafanya mtihani wake akiwa na mzazi na mzazi ndiye anabeba Operator ID. Kama unasafiri na kijana wa miaka 13 anayependa haya mambo, Uingereza atafurahi zaidi.

BIMA, HAPA NDIPO WATU WANAPOTELEA

Uingereza ukirusha kwa kujifurahisha na droni yako haijafika kilo 20, bima ni hiari. Ujerumani bima ni lazima. Kwa droni zote. Hata hiyo ya gramu 249, hata dakika tano uwanjani kwa shemeji. Na uthibitisho wake unatakiwa uwe nao pale unaporusha, karatasi au kwenye simu, siyo "ipo nyumbani".

Nalisema kwa mkazo kwa sababu mtu akishalipa euro 20 na kubandika namba anaona kamaliza. Halafu bima ya kusafiri uliyokata kwa ajili ya viza mara nyingi haigusi chochote kinachoruka, soma kile kifungu cha vitu visivyohusika utakuta vyombo vya anga vimetajwa. Wenyeji wa Ujerumani wengi wana bima yao ya familia ya madhara kwa watu wengine, na baadhi zinajumuisha droni ndogo, lakini ni kwa mwenye bima na familia yake, wewe shemeji wa kutoka Tanga huenda umo, huenda humo, muombe akuulizie kwa maandishi. Vinginevyo unakata yako mtandaoni, zipo za muda mfupi, na nyingi zinaanzia kinga ya euro milioni 1 ambayo inatosheleza kiwango cha sheria yao.

Na mimi kwa kweli hata Uingereza ningekata. Kile kitu kikidondoka kwenye kioo cha gari la mtu au kwenye kichwa cha mtoto, ule uhiari wa bima hautakusaidia, utalipa mwenyewe.

WAPI HASA UNARUSHA

Sasa tuje kwenye ardhi, maana karatasi unazo lakini unasimama wapi?

Ujerumani sheria imeorodhesha maeneo kwa mita, na wana ramani ya bure ya serikali inaitwa dipul, unafungua unaona rangi, ukigusa sehemu inakuambia kwa nini imekatazwa. Hiyo ramani ni nzuri mno, hakuna kisingizio. Mambo makuu ni haya: mita 100 kutoka viwanda, magereza, kambi za jeshi, mitambo ya umeme, ofisi za serikali kuu na za majimbo, polisi, hospitali. Kilomita 1.5 kutoka mpaka wa kiwanja kidogo cha ndege, na vile vikubwa zaidi ya hapo kwenye mstari wa njia ya kurukia. Hifadhi za asili hapana. Juu ya nyumba na bustani za watu hapana bila ruhusa ya mwenyewe, labda uwe juu ya mita 100 na bado kuna masharti yake. Fukwe na mabwawa ya kuogelea ya umma saa za watu kuogelea, hapana.

Halafu kuna barabara kuu za shirikisho, reli, na mito mikubwa inayopita meli, nayo ni mita 100. Chukua mfano wa Köln, kila anayefika pale anataka picha ya lile kanisa kuu na minara yake miwili. Kanisa limepakana na stesheni kuu ya treni, ukitoka stesheni unagusa ngazi za kanisa. Nyuma yake kuna daraja la reli linavuka mto Rhine, na Rhine wenyewe ni njia ya meli ya shirikisho. Watalii wamejaa pale chini kutwa nzima. Kwa hiyo ile picha uliyoiota, ukifungua dipul unakuta rangi juu ya rangi. Kuna msamaha wa reli na mito, unaruhusiwa kusogea mpaka mita 10 mradi droni isipande juu kuliko umbali wake wa pembeni, yaani ukiwa mita 40 kutoka reli usizidi mita 40 kwenda juu, lakini pale kanisani huo msamaha haukufikishi popote kwa sababu ya ule umati.

Berlin ndio usiulize, kuna duara la kama kilomita 5.5 kuzunguka jengo la bunge, limefungwa bila kibali maalum, kwa hiyo Brandenburg Gate na vivutio vingi vya katikati vimo ndani. Neuschwanstein, lile kasri la milimani kule Bavaria, wasimamizi wake wamekataza. Lakini ukitoka mijini, mashamba, vilima, maziwa ambayo si hifadhi, Ujerumani ina nafasi kubwa na hakuna anayekusumbua ukiwa kwenye sheria.

Uingereza namna yao ni tofauti. Anga ni la CAA, mamlaka yao ya anga, ardhi ni ya mwenyewe. CAA wanakuambia mahali anga limefungwa: kuzunguka kila kiwanja cha ndege kinacholindwa kuna duara la maili 2 au 2.5 za baharini, yaani kama kilomita 3.7 mpaka 4.6, pamoja na mkanda wa kilomita 5 kwa 1 kwenye kila ncha ya njia ya kurukia. Magereza ya England na Wales, yale yasiyo ya wazi, mita 400. London katikati kuna maeneo ya anga yaliyowekewa vizuizi pale Hyde Park, City na Isle of Dogs. Nje ya hapo, kwa droni ya chini ya 250, anga liko wazi kuliko Ujerumani, hakuna habari ya mita 100 kutoka reli.

Shida inakuja unapotafuta pa kusimama. Bustani zote za kifalme London, yaani Hyde Park, Greenwich, Richmond na wenzake, haziruhusu. National Trust, lile shirika la kutunza mandhari na majengo ya kale, hairuhusu kwenye ardhi yake, na National Trust ina ardhi nyingi kuliko unavyofikiria, zile jabali nyeupe za Dover sehemu kubwa ni zao, Giant's Causeway kule Ireland ya Kaskazini wanasimamia wao, Lake District wana eneo kubwa sana. English Heritage, wanaosimamia yale mawe ya kale ya Stonehenge, nao hivyo hivyo. Hawa hawamiliki anga, wanachokataza ni kuruka na kutua kwenye ardhi yao, kwa hiyo ukisimama njia ya umma nje ya mpaka wao unaweza ukawa ndani ya sheria, lakini unatakiwa uujue mpaka kwelikweli, na bado halmashauri nyingi zina sheria zao za bustani. Kila eneo unaangalia mwenyewe nani ana ardhi. Mgeni hajui haya, na hakuna ramani moja inayomwonyesha vyote kama dipul.

Kwa hilo naipa Ujerumani. Ina makatazo mengi zaidi lakini unayajua kabla hujatoka nyumbani.

Usiku, siku hizi nchi zote mbili unaweza kurusha ukiwa na taa ya kijani inayowakawaka. Hiyo taa usiisahau, na hakikisha haiongezi uzito ukavuka 250.

HARUSI ZETU

Nimeombwa sana niliseme hili. Unaalikwa harusi Birmingham au Frankfurt, familia inasema njoo na droni yako utupigie. Pale bwana na bibi harusi wanapotoka ukumbini, watu wamesongamana mlangoni, vigelegele, kina mama wamewazunguka na khanga, watoto katikati, hapo kisheria ni umati, maana hata droni ikianza kuanguka watu hawawezi kutawanyika haraka. Juu ya umati hairuhusiwi, nchi zote mbili, uzito wowote, hata gramu 249. Unachoweza kufanya ni kuikalisha pembeni na kupiga kwa ubavu, na picha inatoka nzuri tu, au uwapige maharusi peke yao kwenye uwanja wazi kabla wageni hawajatoka.

Kama unalipwa, Uingereza bima inakuwa lazima hapo hapo, siyo hiari tena. Ujerumani ilikuwa lazima tangu mwanzo. Leseni maalum ya biashara kwa droni ndogo hakuna kote kuwili, lakini wewe uliyeingia kwa viza ya matembezi kulipwa kwa kazi ni suala la uhamiaji, na hilo ni zito kuliko la droni.

POLISI NA MAJIRANI

Uingereza waliumia Gatwick Desemba 2018, siku chache kabla ya Krismasi uwanja ulifungwa kwa sababu ya taarifa za droni, safari kama 1,000 zikavurugika na abiria kama 140,000 wakakwama. Usajili wa lazima ulianza mwaka uliofuata. Kuhatarisha ndege ni mpaka miaka 5 jela, kwa hiyo karibu na kiwanja usifanye majaribio.

Ujerumani wao joto ni la sasa hivi. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 uwanja wa Munich ulisimama usiku kwa ajili ya droni zilizoonekana, maelfu ya abiria wakalala pale, na siku chache baadaye baraza lao la mawaziri likaridhia mpango wa kuwapa polisi mamlaka ya kuzitungua. Denmark jirani yao ilipiga marufuku droni zote za raia kwa siku kadhaa karibu na wakati huo huo kwa sababu ya mkutano wa viongozi. Maana yake ni nini kwako? Kwamba jirani akiona droni anapiga simu, na polisi wanakuja. Ukiwa na namba imebandikwa, bima kwenye simu na umesimama sehemu halali, mazungumzo ni mafupi. Huna, faini za kule kisheria zinaweza kupanda mpaka euro 50,000 kwa makosa ya anga, ingawa hiyo ni ngazi ya juu kabisa.

Na Wajerumani suala la picha zao wanalichukulia kwa uzito mkubwa. Kumpiga mtu picha akiwa ndani ya bustani yake iliyozungushwa inaweza kuwa jinai, siyo ugomvi wa majirani tu. Uingereza nako kuna sheria za faragha lakini mtu atakufokea kabla hajaita polisi. Adabu ni ile ile: bisha hodi, jitambulishe, waonyeshe kwenye kioo unachopiga, watu wengi wakishaona wanakubali na watoto wao wanatoka kuangalia.

KWA HIYO UCHAGUE IPI

Kama una nchi moja tu ya kwenda, muda mfupi, droni ndogo, Kiingereza unakimudu na hutaki kuhangaika na bima: Uingereza, utamaliza karatasi zote kabla hujapanda ndege, na nenda vijijini, Scotland, Wales, pwani zisizo za National Trust. London iache.

Kama safari yako inagusa nchi mbili tatu za Ulaya, anzia Ujerumani, jisajili mapema wiki kadhaa kabla maana maombi ya mtu wa nje yanapitiwa na yanaweza kuchukua muda, kata bima inayosema wazi Ulaya nzima, na dipul iwe rafiki yako. Gharama ya kwanza ni kubwa kidogo lakini ukigawa kwa nchi zote hizo ni nafuu sana.

Kama droni yako ni ya zamani, imezidi 250 na haina alama, mimi nisingeibeba kwa nchi yoyote kati ya hizi mbili. Utakuwa mita 150 mbali na kila kitu ulichokuja kukiona.

Kama ni Leicester na Hamburg kwenye safari moja, basi fanya zote mbili, kwa droni ya chini ya 250 hela haifiki paundi 50 ukiondoa bima, na droni itakuwa na namba mbili. Ukivuka unahakikisha ile ya nchi uliyopo ndiyo inasomeka.

Betri zinakaa kwenye begi la mkononi, siyo la kupakia, ncha zake zifunike kwa tepu au uweke kila moja kwenye mfuko wake. Za Mini zina kama saa-wati (Wh) 19, mpaka wa kawaida wa mashirika ni Wh 100, kwa hiyo hapo hamna shida.

NA KUIRUDISHA NYUMBANI

Hili ndilo ninalowaomba msilipuuze, hasa wanaonunua droni huku kwa zawadi ya mdogo wake au kwa ajili ya harusi ya Desemba. Karatasi za Uingereza au Ujerumani nyumbani hazina kazi yoyote. Kenya, kanuni za 2020 zinataka kibali cha KCAA, mamlaka ya anga ya kule, kabla ya kuingiza, mwenye droni awe na miaka 18 na awe raia, mkazi, au kampuni iliyosajiliwa pale, na ukisharuhusiwa bado kuna kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa na 7 kutoka vidogo. Angalia ramani ya Nairobi na kiwanja cha Wilson kilipo, au Lamu na kiwanja cha Manda hapo ng'ambo ya maji, utaona kimebaki kipande gani. Bila kibali forodha wanaishikilia pale uwanjani, unapewa risiti, unaichukua siku ya kuondoka. Tanzania ni TCAA, mamlaka ya anga ya kule, pamoja na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na hiyo unaomba kabla, siyo ukishafika uwanja wa ndege Kipawa na begi mkononi. Zanzibar nayo iko chini ya TCAA hiyo hiyo kwa sababu usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Hifadhi za wanyama, za KWS Kenya na za TANAPA Tanzania, hazitaki droni bila kibali chao, na wana sababu, tembo wanaikimbia ile sauti mpaka askari wa wanyamapori Tanzania wamewahi kuzitumia kuwafukuza watoke mashambani.

Kwa harusi ya nyumbani tafuta mpiga video wa pale pale mwenye droni iliyosajiliwa, wapo wengi na wazuri, umlipe yeye, na ile yako uiache kabatini kwa dada yako Leicester.